Filamu iliyotufunza kushuku, ikasahau kutufunza kuuliza

Kila gari jeupe lenye nembo ya utafiti linapoegeshwa karibu na ufuo, iwe Mbita, Sindo, Karungu au Muhuru Bay, hakosekani mtu wa kusema, "Wamekuja kutujaribia dawa." Husemwa kwa utani, na wavuvi wanaoshona nyavu hucheka. Akina mama waliobeba watoto hawacheki sana. Hutazamana, na siku ya kliniki ikifika baadhi yao huona heri wabaki nyumbani. Ukimdadisi msemaji ameyatoa wapi, hakutajii ripoti wala taarifa ya habari. Atakusimulia sinema: kampuni ya Wazungu, dawa ya kifua kikuu, Wakenya wanaokufa kimyakimya, na mwanamke aliyetaka kufichua akauawa.

Wengi wanaoisimulia hawajui hata jina lake. Ni The Constant Gardener, filamu ya 2005 iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya Mwingereza John le Carré ya 2001. Sehemu kubwa ilipigwa papa hapa Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwamo, na mwaka uliofuata Rachel Weisz akanyakua tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Zaidi ya miaka 20 imepita, na hadithi yake ingali inapita kutoka simu hadi simu na kutoka kinywa hadi kinywa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili tusisumbuane. Hii ni filamu nzuri ya fumbo, miongoni mwa bora zilizowahi kupigwa katika ardhi yetu. Hata hivyo, imetuachia urithi wenye kasoro: imetufunza kushuku bila kutufunza kuuliza. Kwa familia za kando ya Ziwa Victoria, tofauti ya mambo hayo mawili hupimwa kwa uhai wa watoto.

Fumbo lililosukwa likasukika

Tuipe haki yake kwanza. Hadithi nyingi za taharuki hukuacha ukisubiri nani atakufa. Meirelles anakupa maiti mwanzoni kabisa. Tessa, mke wa mwanadiplomasia Mwingereza, ameuawa katika safari ya Turkana, na daktari aliyeandamana naye, Arnold Bluhm, hajulikani aliko. Kuanzia hapo tunachotafuta ni jambo gumu zaidi: huyu mwanamke alikuwa nani? Mumewe Justin, anayeigizwa na Ralph Fiennes, ni mtu mpole wa kupalilia maua, asiyependa kuchokonoa mambo ya watu. Mauti ndiyo yanayomlazimisha kuanza kuchokonoa.

Mbinu rejeshi, ile ambayo walimu wa fasihi huwahangaisha nayo watahiniwa kila mwaka, hapa inafanya kazi sawasawa. Tunaonyeshwa mnong'ono, barua, macho yaliyokutana kwenye karamu, na tunaamini pamoja na Justin kwamba Tessa na Bluhm walikuwa wapenzi. Kumbe walikuwa wakifukuzia siri ya dawa iitwayo Dypraxa. Inajaribiwa kwa wagonjwa wa Kenya, inaua baadhi yao, na waliokufa wanafutwa kwenye rekodi ili kampuni isichelewe kuingia sokoni. Mtazamaji aliyekwisha kumhukumu mwanamke kwa uzinzi anajikuta amewasaidia kazi waliotaka afikiriwe hivyo. Uvumi wa mapenzi ulikuwa pazia. Nani kati yetu hajawahi kuona jambo zito likizikwa chini ya porojo za nani anaonekana na nani?

Kisha kuna sura na sauti yake. Mpigapicha César Charlone anaipaka London rangi ya majivu na kuiacha Kenya iwake kwa wekundu wa udongo na kutu ya mabati. Na juu ya picha hizo anasikika Ayub Ogada, marehemu sasa tangu 2019, akiimba Kothbiro. Kwa mzaliwa wa Nyanza, nyuzi za nyatiti zinapoanza kulia, sinema ya wageni inageuka matanga ya nyumbani.

Lakini nguvu yake kubwa imo katika tukio moja dogo. Tessa ametoka hospitalini baada ya mtoto wake kuzaliwa mfu. Katika wodi hiyo hiyo amekufa msichana aitwaye Wanza Kilulu, akaacha kichanga. Wakiwa garini, Tessa anawaona jamaa za Wanza wakitembea kwa miguu kurudi kwao, safari ya makumi ya kilomita, na mtoto mchanga wamembeba. Anamsihi mumewe wawape lifti. Justin anakataa: wenye shida ni mamilioni, huwezi kumsaidia kila mtu. Tessa anamjibu kwamba hawa wako hapa, na hawa wanaweza kusaidiwa. Gari halisimami. Baadaye sana, kule Sudan, wapanda farasi wenye bunduki wanavamia kijiji, na Justin anamsihi rubani wa ndege ya misaada amchukue mtoto mmoja tu. Rubani anamrudishia yale yale aliyomwambia mkewe. Hapo ndipo mume anapomwelewa mke, naye yuko kaburini. Filamu inayoweza kufanya hivyo bila kuhubiri ni ya kuheshimiwa.

Nani anauliza, nani anakufa

Sasa tugeuze upande wa pili. Itazame tena ukiwa na kalamu, uandike kila mtu anayeuliza swali la maana katika filamu hiyo. Utaandika Tessa. Utaandika Justin. Utaandika wanaharakati wa Ulaya na wanadiplomasia wenye dhamiri inayowasuta. Mwafrika mwenye faili mkononi ni mmoja, Daktari Bluhm, naye anateswa na kuuawa. Wakenya wenyewe wanalala kitandani, wanapanga foleni, wanatazama kamera. Wanza anakufa bila kupewa nafasi ya kusema alielezwa nini kuhusu dawa aliyomeza.

Je, nchi yetu ndivyo ilivyo? Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ilianzishwa 1979. Pale Mbita kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kinachobeba jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeiasisi taasisi hiyo mwaka 1970. Bodi ya Famasia na Sumu ipo, na kamati za maadili zinazopitia kila jaribio kabla halijaanza zipo. Zinaweza kulala kazini, zinaweza kuhongwa, zinaweza kufanya kazi njema. Katika filamu hazina hata nafasi ya kukosea, kwa sababu hazimo. Hata katika kikosi chenyewe cha utayarishaji, miongoni mwa vijana waliokuwa wakitumwa huku na huku alikuwamo Lupita Nyong'o, ambaye mwaka 2014 angeshinda Oscar yake mwenyewe. Vipaji vilikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye kamera.

Udhaifu wa pili ni mwovu aliyerahisishwa. Kampuni inataka faida, serikali ya Uingereza inailinda, basi. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini filamu haina muda na aliye nguoni: ofisa wa wilaya aliyetia saini, mhudumu aliyeona na akanyamaza ili asipoteze kibarua, mwanasiasa aliyealikwa kukata utepe. Anapotajwa, anapita upesi kama mamluki asiye na jina. Sisi tunaokaa huku tunajua kwamba dhuluma haitui kutoka angani kwa ndege. Hupokewa na mtu, hupewa kiti, hutafsiriwa kwa lugha yetu.

Udhaifu wa tatu ni wa kisanaa. Filamu ina dakika 129, na Justin anapoanza kuruka na pasipoti ya bandia kutoka London hadi Berlin na kurudi Afrika, nyuzi zinajikunja. Mtu aliyechelewa kuingia, au anayeitazama kwenye simu huku akiuza duka, atabaki na vipande viwili tu: dawa inaua, na anayesema anauawa. Vipande hivyo viwili ndivyo vilivyofika ufuoni.

Kwa nini sisi huamini upesi

Ingekuwa rahisi kuwacheka wanaoamini sinema. Mimi siwacheki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na eneo letu limeumwa. Mwanasiasa Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akaletwa kuzikwa kisiwani Rusinga. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, lakini swali la nani alimtuma halikuwahi kunyongwa naye. Februari 1990 mwili wa Waziri Robert Ouko ulipatikana ukiwa umeungua karibu na kwake Koru. Wapelelezi wakaletwa kutoka Scotland Yard, tume ya uchunguzi ikaundwa, kisha ikavunjwa na Rais Moi mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Watu waliolelewa na mafumbo yasiyo na ukurasa wa mwisho hawahitaji kushawishiwa kwamba wakubwa huficha mambo. Ndiyo maana mwisho wa filamu hii, ambapo barua inasomwa hadharani kanisani na mhusika anaumbuka mbele ya waombolezaji, unatukonga roho. Ni mwisho ambao sisi hatujaupata.

Wala hofu ya dawa haikuzuliwa na Meirelles. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipolipuka Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wapatao 200, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganishia. Watoto 11 walikufa, wakatoka katika makundi yote mawili. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba hilo ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na Jimbo la Kano. Le Carré mwenyewe aliandika kwamba ukiilinganisha na ukweli alioukuta katika msitu wa makampuni ya dawa, hadithi yake ni ya upole.

Lakini angalia shaka inakotufikisha inapokosa maswali. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai chanjo ya pepopunda kwa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Wasomi wakavutana kuhusu vipimo vya maabara. Na mama wa kijijini afanye nini? Hakuna upande uliomfundisha swali la kumuuliza muuguzi. Alibaki kuchagua nani wa kumwamini, padri au daktari, na pepopunda ya watoto wachanga haingoji mjadala uishe.

Homa Bay, Septemba 2019

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani, mfano ambao mwandishi wa sinema za taharuki angeutupa kwa kukosa mwovu. Tarehe 13 Septemba 2019, chanjo ya kwanza ya malaria duniani, RTS,S, ilizinduliwa nchini katika Kaunti ya Homa Bay, baada ya Malawi na Ghana. Migori nayo ilikuwa kati ya kaunti nane zilizohusika. Mtoto alitakiwa kuchanjwa akiwa na miezi 6, 7, 9, na kumalizia akiwa na miezi 24. Kaunti ndogo nyingine zilianza mapema, nyingine zikasubiri kwa mpango wa bahati nasibu, ili matokeo ya pande mbili yalinganishwe.

Mapema 2020, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza likazua hoja. Majaribio ya awali ya chanjo hiyo yalikuwa yameacha alama za kuulizia, ikiwamo idadi ya visa vya homa ya uti wa mgongo. Kama bado kulikuwa na jambo la kuchunguzwa, mbona mzazi hakupewa fomu ya ridhaa ya mtafiti, akachukuliwa kuwa amekubali kwa kule kumleta mtoto kliniki tu? Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba chanjo ilikuwa imeidhinishwa na nchi husika, inatolewa kwa utaratibu wa kawaida, na wazazi walikuwa wakielimishwa.

Na matokeo? Zile alama za hatari hazikujitokeza katika mpango huo. Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa kwa watoto wa Afrika, na tathmini iliyotolewa 2023 ikaonyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 palipotolewa chanjo.

Je, tunaweza kushika mambo mawili kwa mkono mmoja? Chanjo iliokoa watoto wetu. Na swali kuhusu ridhaa lilikuwa halali. Filamu ya taharuki haiwezi kubeba yote mawili. Lazima mmoja awe muuaji na mwingine shujaa, la sivyo watazamaji watasinzia. Maisha ya Ndhiwa na Nyatike huyabeba yote mawili kila siku. Aliyejazwa shaka tupu alikosa chanjo. Mtoto akashikwa na malaria usiku, bodaboda ikatafutwa, akalazwa, akatiwa damu, mama akaacha kuanika omena na baba akaacha kwenda ziwani. Naye aliyejazwa imani tupu alichanjiwa mtoto pasipo kujua kwamba alikuwa na haki ya kuuliza kitu. Wote wawili walinyimwa jambo moja.

Mgonjwa haulizwi uji?

Tuna methali inayosema mgonjwa haulizwi uji. Katika kumpikia mgonjwa ni upendo. Katika matibabu na utafiti ni hatari, na sheria yetu imekwisha kuikataa: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake na hatari zake, kwa lugha anayoielewa, na kumpa nafasi ya kukataa. Kwa Dholuo huko Karachuonyo, kwa Kikuria huko Kehancha. Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi alipwe fidia kwa kufungwa uzazi bila ridhaa yake halisi. Kesi ilichukua miaka. Hakukuwa na risasi wala ndege ya kukodi. Kulikuwa na mwanamke aliyeuliza nani alimruhusu daktari. Ushindi wake ni mkubwa kuliko barua yoyote iliyosomwa katika filamu.

Eneo letu lina sababu zaidi ya mengine ya kujifunza maswali hayo. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya Migori wanaishi na virusi vya Ukimwi, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Palipo na ugonjwa ndipo watafiti huja, na ni vyema waje, maana dawa inayofaa hapa haiwezi kujaribiwa Uswisi pekee. Na ni nyumba zetu zilizokosa usingizi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla na wahudumu wa kliniki za ARV wakaambiwa warudi nyumbani. Filamu ilituandaa tuogope dawa inayoletwa. Haikutuandaa kuuliza dawa ikikatizwa ni nani wa kuwajibika, na bajeti ya kaunti imetenga nini.

Maswali yenyewe hayahitaji shahada. Hii ni tiba ya kawaida au ni utafiti? Nikikataa, nitaendelea kutibiwa? Nikidhurika, nani atanigharamia? Nimpigie nani simu? Matokeo yakipatikana, mtarudi kutuambia? Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na simu mwaka 2023 na wanaopita nyumba hadi nyumba, wanaweza kuyafundisha maswali hayo kwa alasiri moja. Wagonjwa wa Dypraxa katika filamu walibanwa hapo hapo kwenye swali la pili: anayekataa kujaribiwa dawa anapoteza na matibabu mengine. Hilo ndilo somo lake la thamani kubwa, nalo limefunikwa na milio ya bunduki.

Filamu tunayoidai

Watengenezaji wa The Constant Gardener waliondoka na sifa, na kwa haki yao, waliacha wakfu uliosaidia masomo na maji Kibera na Loiyangalani. Deni lililobaki ni letu. Tuna vijana wenye kamera Kisumu, Homa Bay na Migori mjini. Wengi wao wanaiga filamu za kukimbizana kwa magari ambayo hawana pesa za kuyakodi. Ilhali fumbo la bei nafuu liko mlangoni: muuguzi wa zahanati anagundua kwamba saini kumi kwenye fomu za ridhaa zimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Afanye nini? Aliyeziandika ni binamu yake. Mradi ukifungwa, dawa nazo zitaondoka. Ukiendelea, kuna mtu atadhurika bila kujua. Hapo pana taharuki ya kutosha bila kufyatua risasi hata moja, na wa kuuliza, wa kukosea na wa kutatua wote ni wenyeji.

Kaunti zetu hutenga fedha za utamaduni kila mwaka, nyingi zikaishia kwenye mahema na fulana za siku moja. Sehemu yake iwalipe waandishi wa miswada, na muuguzi mmoja akae nao mezani ili kliniki iandikwe ilivyo. Filamu hiyo ikishapigwa, ioneshwe ufuoni na kwenye vibanda, kwa Dholuo, Kikuria na Kiswahili, kabla ya kupelekwa kushindania tuzo zozote. The Constant Gardener tuendelee kuitazama, kwa maana inastahili. Lakini gari jeupe likija tena, tuwapeleke watoto kliniki, tuombe fomu isomwe kwa sauti, na asiyetaka kuisoma asipewe saini.